Bahasha ya wasiochukua: kisa cha askari mstaafu aliyegeuka mpiga picha Lubumbashi

Kabla ya kuanza

Mtu wa kisa hiki tutamwita Ajida. Si jina lake, na cheo cha ajida hakuwahi kukifikia. Watu wa mtaani kwake ndio waliompandisha, kama wanavyompandisha kila aliyewahi kuvaa kombati akarudi nyumbani mgongo umenyooka. Mtaa wenyewe siutaji, kikosi chake sikitaji, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Ameyasoma maandishi haya kabla hayajatoka, akafuta sentensi mbili. Sikumuuliza sababu.

Mimi nafundisha kupiga picha katika chumba cha kupanga, komine (manispaa ndogo) ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Ajida alikuja kwangu mwaka 2018, akakaa nasi kama mwanafunzi kwa mwaka mmoja na nusu, na tangu hapo tunashauriana. Nawaandikia wakufunzi wenzangu. Mwanafunzi aliyetoka jeshini huwa tunampokea vibaya kwa njia mbili: ama tunamwogopa, ama tunamtaka atuletee vita kwenye picha. Mimi nilifanya yote mawili, hilo la pili zaidi.

Alikotoka

Alizaliwa Lubumbashi, baba mfanyakazi wa mgodi, mama muuzaji wa unga na samaki wa chumvi. Aliingia jeshini mwaka 2003, mwaka ule lilipoundwa FARDC, jeshi la taifa la Kongo, kwa kuwaunganisha watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao hadi juzi yake. Kambini Kamina alipitia kile ambacho askari wa wakati huo wanakiita brasaji: unachanganywa na mtu wa upande wa pili, mnalala hema moja, mnakula bukari, yaani ugali, sahani moja, kisha mnapelekwa mashariki mkiwa brigedi moja. Yeye aliwekwa kwenye redio. Kwa miaka kumi na minne alihama nayo: Bukavu, Goma, Bunia, Goma tena, Bukavu tena. Kabla ya jeshi hakuwahi kufika mbali kuliko Likasi.

Kazi ya mtu wa redio ni kusikiliza na kuandika. Kila ujumbe una mstari wake daftarini: saa, kituo, aliyetuma, aliyepokea, maneno yenyewe. Ujumbe usioandikwa ni kama haukufika. Shikeni hilo daftari, maana tutalirudia.

Kamera ilimjia kwa njia ya biashara. Mwaka 2004, Bukavu, alinunua kamera ndogo ya filamu iliyokwisha kutumika, kwa sababu wenzake walitaka picha za kutuma nyumbani na simu zenye kamera hazikuwa zimefika kwenye mifuko ya askari. Filamu moja ilikuwa na picha 36. Mteja alilipa nusu siku ya kupigwa picha, nusu siku ya kuipokea. Filamu ikijaa, ilingoja mtu anayeshuka mjini aipeleke kusafishwa. Kati ya kupiga na kukabidhi zilipita wiki tatu, pengine miezi mitatu, na katikati hapo mteja alihamishwa, au alitoroka, au alijeruhiwa, au alikufa.

Picha zilizokosa mwenyewe alizitia kwenye bahasha ya kaki. Juu yake aliandika kwa wino mwekundu: HAWAJACHUKUA. Alipotoka jeshini mwaka 2017, sikio la kushoto likiwa halisikii tena, bahasha ilikuwa na picha 63. Kila picha ina namba nyuma, na kila namba ina mstari katika daftari: tarehe, saa, mahali, jina au jina la utani, kilicholipwa, kinachodaiwa.

Zaidi ya bahasha alikuwa na picha zake mwenyewe, za njiani, mamia, nyingi za kamera ya dijitali aliyonunua 2009. Soko la Minova, mashua za Ziwa Kivu, barabara za Ituri wakati wa mvua, na volkano ya Nyiragongo usiku, ule wekundu uliokuwa unaonekana juu ya Goma miaka yote ile ziwa la lava lilipokuwa wazi. Picha za Nyiragongo zote zimetikisika. Alizipiga bila kuegemeza kamera popote, shata, kile kimlango cha kuingizia mwanga, ikiwa wazi kwa muda mrefu, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia kiasi hicho.

Askari kuishia kwenye kamera si jambo geni. Mwingereza Don McCullin, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga picha wa vita wanaojulikana zaidi duniani, aliingia jeshi la anga kwa sheria ya lazima katika miaka ya 1950, akashindwa mtihani wa nadharia wa kuwa mpiga picha, akaishia chumba cha giza. Kamera yake ya kwanza, Rolleicord, aliinunua Nairobi. Aliporudi Uingereza akaiweka rehani, na mama yake ndiye aliyeikomboa. Nalitaja kwa sababu sehemu hiyo ya rehani ilijirudia kwa Ajida karibu neno kwa neno, ila kwake aliyekomboa ni dada.

Mambo yalivyofuatana

*2018: picha zisizo na mtu karibu*

Kamera ya kazi aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kasumbalesa, iliyotumika, na lenzi mbili. Zoezi la kwanza ninalompa kila mwanafunzi ni kushinda sokoni asubuhi moja na kurudi na picha. Ajida alirudi na picha 412. Tuliziweka zote kwenye skrini, ndogondogo kama mahindi kwenye gunzi, tukaziangalia kimya. Nilihitaji muda kuelewa kilichokuwa kinanisumbua. Mwanga ulikuwa sawa, mistari ilikuwa sawa, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa karibu kuliko mita nne. Na karibu kila picha ilipigwa kutoka ukingoni.

"Ulikuwa umesimama wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidole, picha kwa picha. Hapa kuna ukuta nyuma yangu. Hapa kuna kontena. Hapa kuna ukuta. Kote alikosimama alikuwa na kitu mgongoni na njia ya kutokea upande wa kulia, upande wa sikio zima.

*2018 hadi 2019: arusi*

Lubumbashi mpiga picha anakula kwa arusi. Kuna siku ya mahari, kuna ndoa ya serikali kwenye komine, kuna kanisa, kuna karamu ya jioni, na kila moja inalipa. Ajida alipata arusi yake ya kwanza kupitia jamaa wa dada yake, na nilimruhusu aende peke yake mapema mno.

Alipanga ndugu kwa mistari kama gwaride. Warefu nyuma, wafupi mbele, mikono chini. Mama wa bibi arusi alichelewa kusogea, Ajida akatoa sauti ya kambini: "Mama, simama pale!" Ukumbi ulinyamaza. Mjomba wa bibi arusi alimfuata, akamwuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi kama anajua anazungumza na mama ya nani. Kuanzia hapo hakuna aliyemtazama kwenye lenzi.

Picha zenyewe pia zilikuwa na tatizo. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inafikiri kuna mwanga mwingi kupita kiasi na inaupunguza, na uso mweusi wa bibi arusi unazama. Ajida aliiachia kamera iamue. Gauni lilitoka zuri sana, kila uzi unaonekana. Bibi arusi mwenyewe hayumo.

Familia ililipa nusu. Wiki ile ile kodi ya nyumba ilifika, na kamera ikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, riba nusu ya deni kila mwezi. Ilikaa huko miezi miwili. Dada yake aliuza vikwembe vyake vinne, akaitoa.

Dada hakuitoa bure. Sharti lake lilikuwa binti yake, wa miaka 19, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani, aingie kazini pamoja na mjomba wake. Huyo binti nitamwita Mpwa. Nakiri nilidhani ni mzigo wa kifamilia.

*2019: mgeni wa Biennale*

Tangu 2008 Lubumbashi ina Biennale yake, onyesho la sanaa la kila miaka miwili, iliyoanzishwa na kundi linaloitwa Picha, na msimu wake ukifika mji unajaa watu wenye mabegi ya turubai. Mmoja wao, mtu wa kuandaa maonyesho, alipita chumbani kwetu mwaka 2019. Ajida alikuwa anatafuta karatasi fulani, bahasha ya kaki ikatoka mkobani, mgeni akaomba kuiona. Alikaa nayo saa nzima. Aliziona nyuso 63, wengine wamejipanga na redio ya kuazima, wengine na miwani ya jua iliyozunguka kambi nzima kutoka uso hadi uso. Alisema anataka zote, zikuzwe, ziwekwe ukutani, na daftari liwe mezani katikati. Alitaja fedha.

Nilimwambia Ajida akubali. Naandika hilo wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kulisahau.

Ajida alizipanga picha upya kwa namba, akazirudisha ndani. "Hizi siyo zangu," akasema. "Zimelipwa nusu."

*2020 hadi 2021: kutafuta wenyewe*

Machi 2020 ilitangazwa hali ya dharura kwa sababu ya korona, mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa, na arusi zikafa kwa miezi kadhaa. Ajida na Mpwa walibaki na daftari. Katika mistari 63, 54 ilikuwa na majina kamili na tisa majina ya utani tu. Picha 41 zilikuwa za askari. Nyingine 22 za watu waliotembea na kambi: wapishi, wake, wafanyabiashara wadogo, watoto. Mpwa ndiye aliyekuwa anapiga simu. Askari wa zamani wanajuana, na mmoja hukupeleka kwa mwingine.

Waliotoka Katanga walipatikana kwanza. Hapo ndipo lilipotokea jambo baya kuliko yote katika kisa hiki.

Namba 9 alikuwa kijana aliyefia mashariki, na Ajida alijua, maana alikuwapo kwenye redio siku hiyo. Mama yake alipatikana mji mwingine wa Katanga. Ajida alikwenda peke yake kwa basi, amevaa shati jeupe, picha ameitia kwenye fremu. Alifika saa nane mchana. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Wakasalimiana, akakaribishwa kigoda, na kabla hajaletewa maji akasema: "Mama, nimekuletea picha ya marehemu."

Mama akauliza, "Marehemu nani?"

Miaka kumi na moja familia ile ilikuwa inangoja. Hakuna aliyewafikia na habari. Mama alikuwa anajua mwanawe yuko mashariki, simu hazipatikani, kama zisivyopatikana za wengi.

Ajida alilala huko usiku ule kwa sababu majirani hawakumruhusu aondoke. Walilaza mikeka, wakalia, na yeye akakaa katikati ya msiba alioufungua mwenyewe. Aliporudi hakugusa kamera kwa miezi miwili.

Maamuzi, na kwa nini

Kukataa ofa ya mgeni hakukutokana na maadili ya sanaa, maana wakati ule hatukuwa tumeyazungumza. Ulikuwa uamuzi wa mfanyabiashara mwenye daftari. Mtu amelipa nusu, mali ni yake, unamtafuta. Sheria yetu ya haki za mwandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamtambua mpiga picha kuwa mwenye haki juu ya kazi yake, na mimi ndiyo niliyomwekea Ajida mezani kumshawishi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza mteja ana haki gani katika sheria hiyo, nikaanza kutafuta maneno.

Uamuzi wa pili ulihusu zile picha za njiani. Tulizigawa mafungu matatu. Zenye antena, magari, mahandaki au mpangilio wa kambi zilifungiwa moja kwa moja. Jeshi halikutuomba tufanye hivyo, ila askari wengine bado wanaishi katika kambi hizo. Fungu la mandhari lilibaki, nalo lilikuwa dhaifu. Fungu la tatu ndilo lililotugharimu: raia. Humo ndimo ilimokuwa picha ambayo kila mwanafunzi wangu aliitaja kuwa bora: mwanamke wa Minova na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani, maji yanamtiririka shingoni, jua la asubuhi limempiga upande, anatazama lenzi moja kwa moja bila kupepesa.

Nilimsifu Ajida kwa namna alivyomfanya amtazame vile. Akasema: "Nilikuwa na bunduki begani. Nilimwambia simama."

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kwa risasi, kwa simu na kwa picha: vyote vinapigwa. Nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kulifikiria hilo hadi asubuhi ile. Mtu mwenye bunduki akikuambia simama nikupige picha, hujakubali, umetii. Picha ya Minova haijaonyeshwa popote tangu siku hiyo. Nami nimeacha kuitumia darasani, ingawa naikumbuka kila ninapoeleza mwanga wa ubavuni.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa lenzi. Kwa miezi sita nilimnyang'anya lenzi ya kuvutia mbali, nikamwachia ya milimita 50 peke yake. Kwa lenzi hiyo ukitaka uso, unamfuata mwenye uso. Hakuna ukuta utakaokusaidia. Wiki za kwanza alichukia, akatoka jasho katika maandalizi ya mahari ya watu ishirini. Karamu za jioni tuliziacha kabisa mwaka ule, kwa sababu ya maputo. Hapa kwetu ukumbi unapambwa kwa maputo na watoto wanayapasua, na mara mbili Ajida alikuwa chini ya meza kabla hajajua ameshuka. Hakuna aliyecheka. Tulikubaliana kwamba atapiga mahari, komine na kanisa, na usiku atakwenda mtu mwingine. Baadaye huyo mtu mwingine akawa Mpwa.

Na baada ya namba 9 waliandika utaratibu wa mlangoni. Usiende peke yako. Pitia kwanza kwa mkubwa wa familia asiye wa nyumba ile, au mchungaji, au mzee wa mtaa. Picha ibaki mkobani. Swali la kwanza liwe: "Habari zake za mwisho mlizipata lini?" Jibu ndilo linaloamua kama picha itatoka siku hiyo. Ajida hatangazi kifo cha mtu. Akiulizwa, anasema alichokiona na mahali alipokuwa, mbele ya mkubwa huyo, na familia inafanya kwa desturi yake. Utaratibu huu wala haukuwa ugunduzi. Kila mtu mzima wa Lubumbashi anajua msiba unapelekwa na nani na kwa njia gani. Ajida alikuwa amekaa miaka kumi na minne mahali ambapo kifo kilipelekwa kwa redio, kwa maneno manne.

Matokeo

Hadi mwisho wa 2022 picha 26 kati ya 63 zilikuwa zimewafikia wenyewe au familia zao. Watano walikuwa hai. Mmoja wao, sasa muuza simu, alilipa nusu iliyobaki papo hapo na kudai risiti. Familia mbili hazikutaka picha. Moja iliomba ichomwe mbele yao, ikachomwa. Mwingine, mama mzee, alisema: "Kaa nayo wewe, mimi nimeshamaliza kulia." Hiyo ilirudi kwenye bahasha, ikaungana na 37 ambazo hazikuwa na mtu. Jumla 38.

Onyesho lilifanyika mwaka 2021, Jumapili moja mchana, uani kwa watu, Kamalondo. Kazi ya kuzinakili ilikuwa ya Mpwa: picha juu ya meza, taa mbili pande mbili kwa nyuzi 45 ili karatasi isimetemete, kamera juu yake sambamba kabisa. Negativu nyingi zilikuwa zimeshikana na kuota ukungu wa Kivu, kwa hiyo karatasi ndogo ilikuwa yote iliyobaki. Kwa watakaofanya kazi kama hiyo: kuchapa sentimita 20 kwa 30 kwa nukta 300 kila inchi kunataka pikseli milioni nane na kidogo, kamera ya kawaida inatosha, usikodi mashine ya bei. Zilitundikwa picha 11 tu, zile ambazo familia ziliridhia, kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Chini yake namba, mwaka na mkoa. Hakukuwa na hotuba. Jioni kila familia ilibandua yake ikaenda nayo, kamba ikabaki na vibanio.

Kibiashara, Ajida na Mpwa sasa wanaishi kwa kazi hiyo. Si matajiri. Wana arusi mbili hadi tatu kwa mwezi katika kiangazi, chache wakati wa mvua, na picha za mahafali za shule mbili. Bado anatoza bei ya chini, jambo tunalogombania kila mwaka.

Uchambuzi

Tukianza na kilichofanya kazi, nitataja daftari kabla ya kipaji. Wanafunzi wangu wengi wana jicho kali kuliko Ajida, na hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia picha aliyopiga miaka mitatu iliyopita ni ya nani. Yeye anaweza kwa picha ya 2005. Jeshi halikumfundisha kuona. Lilimfundisha kuandika saa, na hilo ndilo lililoifanya bahasha iwe na thamani, kwa mgeni wa Biennale na kwa mama wa namba 9 pia. Siku hizi sikubali kazi ya mwanafunzi isiyo na mstari wa daftari.

Safari zenyewe zilimpa kidogo kuliko tunavyopenda kusimulia. Picha za ziwa, za mlima, za barabara, ambazo ndizo nilizozitarajia nilipomsikia akitaja Goma na Bunia, hazina lolote ambalo mtalii wa siku mbili asingelipata. Kilichompa kitu ni kukaa: miezi kambini na watu wale wale, akiwapiga picha kwa sababu wao wameomba na wamelipa. Ukiweka picha za bahasha kando ya picha za njiani, tofauti inaonekana bila kuelezwa. Wa bahasha wamejiandaa. Wamechana nywele, wameazima miwani, wamechagua wasimame wapi. Mpiga picha ni mtumishi wao kwa dakika moja. Kwenye picha za njiani yeye ndiye mkubwa, na anayepigwa anasubiri kuruhusiwa.

Arusi ya kwanza iliharibika kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wakati ule niliiita kukosa uzoefu. Alikwenda akiwa mkubwa. Sauti ilikuwa dalili tu. Nilimrekebisha sauti, nikadhani nimemaliza. Aliyemrekebisha kweli ni Mpwa, na wala hakutumia mbinu. Kwenye arusi ya tatu alipanda kiti, akasema kwa sauti ya kuimba: "Bamama, mjomba yangu anaogopa kuwaomba, mnasogea kidogo?" Ukumbi ukacheka, Ajida akacheka, watu wakajipanga wenyewe. Kuanzia hapo anayepanga watu ni yeye, na Ajida anapiga. Ningekuwa nimepewa nafasi ya kuamua, ningemkataa binti huyo siku ya kwanza.

Kosa langu kubwa ni bahasha. Nilimshauri auze jambo ambalo lilikuwa bado na wenyewe, na nilimshauri kwa sababu onyesho lingemletea jina yeye na chumba changu pia. Hoja kwamba wale watu wengi wamekufa na hakuna atakayelalamika niliitoa kwa mdomo wangu. Namba 9 ingekuwa imetundikwa ukutani, imekuzwa, mbele ya watu wenye glasi mkononi, mama yake akiwa bado anangoja simu.

Kuhusu safari ya kwa mama huyo, tumebishana sana na wenzangu. Wapo wanaosema ni heri alijua, hata kwa njia ile. Mama mwenyewe alimwambia Ajida hivyo mwaka uliofuata, alipomwalika kwenye misa ya kumbukumbu. Mimi sikubali kwamba hilo linafuta kosa. Tulimfundisha mtu huyu mwanga, fremu, na kupima uso badala ya gauni, tukamwacha aingie nyumba ya watu bila neno hata moja la maandalizi, kwa sababu kukabidhi picha hatukuihesabu kuwa sehemu ya kupiga picha. Sasa somo hilo lipo, wiki mbili nzima, na anayelifundisha ni yeye.

Kuna moja ambalo hatujalitatua. Picha za watoto waliotembea na kambi ni saba, na hao sasa ni watu wazima. Wengine huenda hawataki kukumbushwa walikuwa wapi mwaka 2006 na walikuwa wakimtumikia nani. Mpwa anasema watafutwe kama wengine. Ajida anasema wasitafutwe, ila wakija wapewe. Mimi nimepoteza haki ya kupiga kura kuhusu bahasha ile.

Mwezi Agosti kijana mmoja alikuja kutoka Likasi. Alikuwa amesikia habari za bahasha kwa baba mdogo wake. Alizipitia picha zote 38 mara mbili, moja moja, akizishika kwa kingo kama Mpwa alivyomwelekeza. Baba yake hakuwemo. Alinyanyuka kuaga, akasita, akairudisha mkononi namba 17, askari mfupi mwenye redio ya kuazima begani, ambaye daftarini ameandikwa kwa jina la utani tu.

"Huyu ni wa nyumba ya pili kutoka kwetu," akasema. "Mke wake angali hapo."

Ajida alifungua daftari, akaangalia ukutani, akaandika saa.